Kupima madini kwa nywele au kwa damu: tathmini ya vifurushi vinavyouzwa mtandaoni

Kifurushi chenyewe ni bahasha tu. Ndani mna fomu ya maswali, kadi ngumu iliyokunjwa iwe mizani ndogo, kibahasha cha kutilia nywele na maelekezo ya ukurasa mmoja. Mnunuzi hukata nywele, huziweka juu ya ile kadi mpaka iiname, kisha huzituma kwenye maabara ambayo mara nyingi iko Marekani au Ulaya. Baada ya wiki kadhaa hupokea ripoti kwa barua pepe. Ripoti ina grafu za rangi za kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, potasiamu, shaba, zinki, chuma na seleniamu, na pembeni safu ya metali za sumu: risasi, zebaki, aseniki, kadimiamu na aluminiamu. Bei yake mara nyingi ni dola 100 au zaidi bila gharama ya kutuma, na si ajabu ripoti ikaja na orodha ya virutubisho vinavyouzwa na yuleyule aliyeuza kipimo.

Maneno ya wauzaji hufanana: damu huonyesha kinachopita leo, nywele huonyesha kilichokaa mwilini. Kauli hiyo ina ukweli kwa baadhi ya madini na ni uongo mtupu kwa mengine, na hapo ndipo mnunuzi anapoumia, kwa sababu ripoti huyapanga yote kwenye ukurasa mmoja kana kwamba yana uzito sawa. Tunasema mapema: kama kipimo cha jumla cha lishe, kifurushi hiki hakistahili pesa zake. Kama kipimo cha zebaki itokanayo na samaki, kikifanywa na maabara inayojua kazi, ni chombo kizuri kuliko wengi wanavyodhani, na kwa baadhi ya maswali kinaishinda damu.

Nywele zinavyokatwa, na zinavyoharibika kabla ya kukatwa

Maabara nyingi huomba miligramu 125 hadi 250. Kwa macho, hicho ni kama kijiko kimoja cha chakula cha nywele fupi zisizoshindiliwa. Mahali sahihi pa kukata ni kisogoni, kwani huko nywele hukua kwa kasi inayolingana zaidi kuliko utosini au karibu na paji la uso. Tumia mkasi wa chuma kisichoshika kutu, kata sehemu 4 au 5 tofauti, kila fungu unene wa njiti ya kiberiti, karibu kabisa na ngozi. Bakiza sentimita 2 hadi 3 za upande wa ngozi, zilizobaki tupa. Nywele ziwe zimeoshwa, zimekauka, hazina mafuta wala jeli. Tia kwenye bahasha ya karatasi. Karatasi ya aluminiamu na gundi ya selotepu zote huchafua sampuli.

Maelekezo karibu yote yanasema nywele hukua sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo sentimita 3 ni kumbukumbu ya miezi 3. Hesabu hiyo haiwafai wasomaji wetu wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulilinganisha nywele za Waafrika na za Wazungu, ukapata wastani wa mikromita 256 kwa siku kwa Waafrika na 396 kwa Wazungu. Kwa kasi ya 256, sentimita 3 huota kwa siku 117 hivi, yaani karibu miezi 4. Mtu akitafuta kilichompata mwezi fulani, kosa la mwezi mzima linatosha kumpeleka kwenye chanzo kisicho chenyewe.

Tatizo kubwa zaidi ni dawa ya kulainisha nywele. Zipo za aina mbili. Moja hutegemea haidroksidi ya sodiamu. Nyingine, ile inayotangazwa kuwa haina magadi makali na huuzwa kwa chupa mbili za kuchanganya nyumbani, hutegemea haidroksidi ya kalsiamu inayochanganywa na guanidini kabonati. Mchanganyiko huo huacha masalia ya kalsiamu juu ya unywele na ndani ya magamba yake. Maabara ikipima nywele hizo, kalsiamu itapanda sana, na ripoti itaandika kwamba kalsiamu inatoka mifupani. Haitoki mifupani, imetoka kwenye kopo. Anayerudia dawa kila baada ya wiki 8 huwa na nywele mpya zisizofika sentimita 1.5, nusu ya kinachotakiwa, kwa hiyo hana sampuli safi ya kupeleka. Asubiri zikue, au asipime.

Shampuu za mba zina matatizo yake. Zile zenye seleniamu salfaidi hupandisha seleniamu, na zile zenye zinki pairithioni hupandisha zinki, na kuosha tena hakuondoi vyote. Rangi za kuficha mvi pole pole zimewahi kutengenezwa kwa risasi asetati. Hina ni majani yaliyosagwa, na husagwa pamoja na vumbi la shambani. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi huongeza kalsiamu na magnesiamu. Tangi la bati lenye kutu na vumbi la udongo mwekundu huongeza chuma. Waliosukwa rasta wahakikishe kwamba wanachokata ni nywele zao, kwani nyuzi za bandia zikiingia hata kidogo hupunguza kila kiwango.

Kwa wanaume wanaonyoa mpaka ngozini, wauzaji hupendekeza nywele za kwapa au za sehemu za siri. Tunashauri kukataa. Kasi ya ukuaji wake ni nyingine, jasho lake ni jingi zaidi, na viwango vya rejea vilivyochapishwa kwenye ripoti vimetokana na nywele za kichwani.

Ndani ya maabara

Mashine si tatizo. Maabara kubwa hutumia ICP-MS: nywele huyeyushwa kwa asidi ya nitriki kwenye tanuri maalumu la mikrowevu, kimiminika hupulizwa ndani ya plazma ya gesi ya agoni yenye joto la maelfu ya nyuzi, na atomi huhesabiwa kulingana na uzito wake. Mashine hiyo huona kiasi kidogo kuliko chochote ambacho mnunuzi atahitaji. Ubovu huingia kabla ya mashine, kwenye kuosha, na baada yake, kwenye tafsiri.

Kuhusu kuosha hakuna mwafaka. Utaratibu uliopendekezwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki ni asetoni, kisha maji safi mara 3, kisha asetoni tena. Maabara nyingine hutumia sabuni maalumu, na nyingine haziziosh​i kabisa zikidai kuosha kunaondoa madini ya ndani. Pande zote mbili zina hoja: ukiosha kidogo unapima uchafu wa nje, ukiosha sana unang'oa sodiamu, potasiamu na sehemu ya magnesiamu iliyokuwa ya unywele. Kwa vile hakuna njia ya kutenganisha kikamilifu cha nje na cha ndani, namba mbili za maabara mbili hazilinganishiki, hata kama nywele ni za kichwa kimoja.

Hilo limepimwa. Mwaka 1985 daktari wa Marekani Stephen Barrett alichapisha katika jarida la JAMA matokeo ya nywele za vijana wawili wenye afya zilizotumwa kwenye maabara 13 za kibiashara. Majibu yalipishana sana, na hata sampuli zinazofanana zilizotumwa kwenye maabara ileile zilileta majibu tofauti. Miaka 16 baadaye watafiti wa California walirudia kazi hiyo kwa umakini zaidi. Walichukua nywele za mtu mmoja mwenye afya, wakazigawa na kuzituma kwenye maabara 6 zilizokuwa zikipima takribani asilimia 90 ya sampuli za nywele Marekani. Makala yao, ya JAMA pia, ya mwaka 2001, ilionyesha kwamba kwa madini 12 namba ya juu ilikuwa zaidi ya mara 10 ya namba ya chini. Maabara moja ilimweka mtu huyo kwenye kundi la wenye umetaboli (kasi ya mwili kutumia chakula) wa haraka, nyingine ikamweka kwenye kundi la wenye umetaboli wa polepole, kila moja na ushauri wake wa chakula. Wasomaji wengi wa utafiti huu hukumbuka ile mara 10. Sisi tunaona hili la pili ndilo zito zaidi, kwa sababu mnunuzi hali namba; anakula ushauri.

Angalia pia vipimo vya ripoti. Baadhi huandika mg%, yaani miligramu kwa gramu 100, nyingine ppm au mikrogramu kwa gramu. Mg% 1 ni ppm 10. Zinki ya 18 kwenye ripoti moja na 180 kwenye nyingine inaweza kuwa kitu kilekile. Watu hulinganisha ripoti ya mwaka jana na ya mwaka huu bila kuona kwamba safu imebadilika.

Chuma na zinki

Hapa nywele hazina kazi. Upungufu wa chuma ndio swali la lishe linaloulizwa zaidi Afrika Mashariki, hasa kwa wajawazito na watoto, na kiasi cha chuma kwenye unywele hakitabiri akiba ya mwilini. Kipimo ni feritini ya damu, yaani protini inayohifadhi chuma, pamoja na picha nzima ya damu. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, akiba imekwisha feritini ikiwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita kwa mtu mzima, na chini ya 12 kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Lakini feritini hupanda mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe, hata kama chuma hakipo. Kwa hiyo kipimo cha CRP, protini ya damu inayoonyesha uvimbe au maambukizi, kiandamane nacho, na kwa mwenye maambukizi kizingiti kinapandishwa: 70 kwa mtu mzima na 30 kwa mtoto. Mgonjwa wa malaria mwenye feritini 40 anaweza kuwa hana chuma kabisa. Daktari anayesoma 40 na kusema "kawaida" bila CRP amesoma nusu ya jibu.

Zinki ni ngumu pande zote. Mtoto mwenye upungufu mkubwa huota nywele polepole, na zinki kidogo iliyopo hujikusanya kwenye unywele mfupi, hivyo namba huweza kutoka ya kawaida au hata ya juu. Damu nayo ina mitego yake. Kwa mwanamke aliyefunga usiku, kiwango cha chini kinachokubalika ni mikrogramu 70 kwa desilita, sawa na mikromoli 10.7 kwa lita. Kwa mwanamume ni 74. Baada ya mlo zinki hushuka, jioni hushuka, na mtu akiwa na homa hushuka kwa sababu ini huivuta. Ndiyo maana damu ichukuliwe asubuhi kabla ya kula.

Chupa ya kuchukulia damu ina uzito kuliko mashine. Itumike ile yenye kofia ya buluu iliyokoza, iliyothibitishwa kwa kupima madini yaliyomo kwa kiasi kidogo sana. Kofia za mpira za chupa za kawaida hutoa zinki, na unga wa glavu pia. Mpira wa kufungia mkono usikae muda mrefu. Damu izungushwe kwenye sentrifuji ndani ya saa moja hivi, au iwekwe kwenye ubaridi mpaka izungushwe, na seramu ikiwa na wekundu, itupwe na damu ichukuliwe upya: chembe nyekundu zilizopasuka zimemwaga zinki yake humo. Baadhi ya maabara za binafsi hapa kwetu hupeleka sampuli za zinki na seleniamu nje ya nchi, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza damu itazungushwa wapi na baada ya muda gani. Kama jibu ni "huko inakokwenda", nenda kwingine.

Kalsiamu, magnesiamu, na zile "uwiano"

Kalsiamu ya damu hushikiliwa na homoni ya parathiroidi kati ya miligramu 8.5 na 10.5 kwa desilita, na mwili utaiba mfupani kuliko kuiacha ishuke. Kwa hiyo wauzaji wa nywele wanasema kweli wanapodai kwamba kalsiamu ya kawaida ya damu haikuambii mifupa iko vipi. Wanapokosea ni kudai kwamba nywele zinakuambia. Mifupa hupimwa kwa picha ya DEXA, eksirei ya kupima uzito wa mifupa, na chanzo cha tatizo hutafutwa kwa vitamini D na homoni yenyewe. Ukisoma kalsiamu ya damu, soma na albumini, protini kuu ya damu: kwa kila gramu 1 ya albumini iliyo chini ya 4 kwa desilita, ongeza 0.8 kwenye kalsiamu.

Magnesiamu ndipo hoja yao ina nguvu zaidi. Chini ya asilimia 1 ya magnesiamu ya mwili imo kwenye damu, na seramu inaweza kuwa ya kawaida huku akiba imepungua. Lakini udhaifu wa damu si ushahidi wa ubora wa nywele. Mwenye dalili, anayetumia dawa za kukojosha au za kupunguza asidi ya tumbo kwa muda mrefu, apimwe seramu, na ikiwa kwenye ukingo wa chini apimwe mkojo wa saa 24.

Ripoti nyingi hutumia kurasa kadhaa kwenye uwiano wa sodiamu kwa potasiamu, zikitaja karibu 2.5 kwa 1 kuwa bora, na kutoka hapo hukisia hali ya tezi za adrenali. Haya mawili ndiyo madini yanayoyeyuka haraka zaidi kwenye maji. Mtu aliyeogelea baharini Jumapili na mtu aliyeoshwa nywele saluni Jumamosi watapata uwiano tofauti bila tezi zao kuhusika. Kurasa hizo ruka. Potasiamu ni suala la damu, kwa kawaida milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita, na hata huko namba ya juu kwa mtu mzima wa afya mara nyingi ni damu iliyopasuka, au mgonjwa aliyekunja na kukunjua ngumi wakati sindano iko mkononi.

Madini joto hayapimwi vizuri kwa nywele wala kwa damu. Kipimo chake cha jamii ni mkojo.

Risasi

Hapa tunasisitiza kuliko popote: usimpime mtoto risasi kwa nywele. Risasi ya vumbi, ya moshi wa kuyeyusha betri na ya rangi za zamani hushika nje ya unywele na haioshwi yote, na mtoto mwenye risasi hatari ndani ya damu anaweza kuwa na nywele zenye namba ndogo. Familia za Owino Uhuru, Mombasa, zilizoishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri, zilihitaji vipimo vya damu ili kujulikana nani ameathirika, na hakuna njia ya mkato.

Kipimo ni damu nzima ya mshipani. Asilimia 99 hivi ya risasi ya damu imo ndani ya chembe nyekundu, kwa hiyo fundi akizungusha sampuli na kupima seramu, ameitupa risasi kabla ya kuipima. Chupa iwe yenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, na iliyothibitishwa kuwa haina metali. Kwa kipimo cha kidole, osha mkono wa mtoto kwa sabuni na maji, futa, usimwache aguse kitu; kidole chenye vumbi hutoa namba ya kutisha isiyo ya kweli. Kila namba ya juu ya kidole irudiwe kwa damu ya mshipani.

Kusoma namba: kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, tangu mwaka 2021 hutumia mikrogramu 3.5 kwa desilita kama alama ya mtoto anayehitaji kufuatiliwa. Shirika la Afya Duniani, mwaka huohuo, lilisema kuanzia 5 chanzo kitafutwe na kiondolewe, na kwa mtoto wa miaka 10 au chini mwenye 45 au zaidi, tiba ya kuondoa metali itolewe. Risasi hukaa kwenye damu kama mwezi mmoja kabla ya kupungua nusu, na kwenye mfupa miaka mingi, kwa hiyo damu ya leo hueleza zaidi wiki zilizopita. Vyanzo vya kuuliza nyumbani kwetu: kazi ya betri chakavu, wanja wa kusaga uliotengenezwa kwa jiwe la risasi, sufuria za vyuma chakavu vilivyoyeyushwa mtaani, na udongo wa kula unaouzwa sokoni kwa jina la pemba, ambao pia huzuia chuma kunyonywa.

Zebaki, ambapo nywele zinashinda

Zebaki ya samaki huitwa methilizebaki. Huingia kwenye unywele wakati unaota, hujifunga kwenye salfa ya keratini na haitoki tena. Uwiano wake na damu unajulikana: nywele huwa na takribani mara 250 ya kilichomo kwenye damu. Mikrogramu 1 kwa gramu ya nywele ni sawa na mikrogramu 4 hivi kwa lita ya damu. Hakuna madini mengine kwenye ile ripoti yenye daraja la kuaminika namna hii kati ya sampuli mbili.

Ndiyo maana tafiti kubwa za athari za zebaki kwa watoto, za Visiwa vya Faroe na za Seychelles, zilipima nywele za akina mama. Huko Seychelles, ambako samaki huliwa karibu kila siku, wastani ulikuwa karibu mikrogramu 6.8 kwa gramu. Na nchini Iraq, baada ya watu kula mikate ya mbegu za ngano zilizotiwa dawa ya zebaki mwaka 1971 na 1972, nywele ndefu za wanawake zilikatwa vipande vidogo, zikaonyesha zebaki ilianza kupanda mwezi gani na ilishuka lini. Damu isingeweza kueleza hilo, ilikuwa imeshasafika.

Kwa mwambao wetu swali hili si la mbali. Jedwali la mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani linaweka papa kwenye wastani wa karibu ppm 1, na sadini kwenye 0.013. Kikomo cha wakala wa mazingira wa nchi hiyo ni mikrogramu 0.1 kwa kilo ya mwili kwa siku, yaani mikrogramu 42 kwa wiki kwa mwanamke wa kilo 60. Gramu 100 za papa mbichi zinaweza kumpa mikrogramu 100. Kamati ya kimataifa ya viongezo vya chakula, JECFA, iliweka mwaka 2003 kikomo cha 1.6 kwa kilo kwa wiki, kwake ni 96, na bado amefika ukingoni kwa kipande kimoja. Mjamzito anayekula papa mkavu mara kadhaa kwa wiki ana sababu nzuri ya kupima, na nywele zitamtosha: hazihitaji sindano wala jokofu, na zinakaa kwenye bahasha miezi bila kuharibika. Anayekula dagaa hana haja.

Zebaki ya mgodi ni nyingine. Mchimbaji anayechoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki huvuta mvuke, na mvuke huo hutoka kwa mkojo, huku ukishika pia nje ya nywele zake. Kipimo chake ni mkojo, uliorekebishwa kwa kreatinini, taka ya mwili inayoonyesha mkojo umekolea kiasi gani. Vivyo hivyo kwa mkorogo na sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Timu ya Wajapani iliyofanya kazi pande za Ziwa Victoria, ikachapisha mwaka 1999 kuhusu Tanzania na 2001 kuhusu Kenya, ilikuta nywele zenye zebaki nyingi ambazo chanzo chake kilikuwa sabuni, si samaki wala dhahabu. Kilichofichua ni kupima zebaki jumla na methilizebaki kando kando: jumla ikiwa juu na methili ikiwa chini, tafuta kopo bafuni. Vifurushi vya mtandaoni hupima jumla peke yake, kwa hiyo kabla ya kuagiza, uliza kama maabara inaweza kutenganisha.

Aseniki hufanana na zebaki kwa upande mmoja: huondoka kwenye damu upesi, huku nywele na kucha zikiweka kumbukumbu. Lakini anayeogea maji yenye aseniki huipaka nywele zake kila siku, kwa hiyo mkojo hutangulia, na mtu asile samaki wa baharini wala kamba siku 3 au 4 kabla, maana wana aseniki isiyo na sumu inayopandisha jumla.

Kinachouzwa baada ya ripoti

Ripoti ikisema zinki iko chini, mteja huanza vidonge. Kikomo cha juu cha mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku. Akizidisha kwa miezi, shaba hushuka, na upungufu wa shaba huleta upungufu wa damu na ganzi ya miguu ambayo huenda isirudi yote. Hatari kubwa zaidi ni tiba ya kuondoa metali kwa mtu ambaye hajathibitishwa. Mwaka 2006 CDC ilieleza vifo 3 vilivyotokea Marekani kati ya 2003 na 2005, vya watoto wawili na mtu mzima mmoja, baada ya kupewa dawa ya aina hiyo iliyoshusha kalsiamu ya damu mpaka moyo ukasimama. Dawa iliyohusika ilikuwa EDTA ya sodiamu, si ile yenye kalsiamu inayotumika kwa risasi. Hakuna anayepaswa kutundikiwa dripu kwa sababu ya nywele peke yake.

Tusichanganye kifurushi hiki na ile mashine inayoitwa ya kwantamu, unayoshika fimbo ya chuma dakika moja kisha kompyuta inachapisha kiwango chako cha zinki na kalsiamu. Nywele angalau ni sampuli. Mashine hiyo haichukui chochote mwilini, kwa hiyo haina cha kupima.

Ukiamua kununua kipimo cha nywele cha zebaki, maswali ya kuuliza ni machache. Nywele zinaoshwa vipi? Maabara hupima kila kundi pamoja na nywele za rejea zenye kiwango kilichothibitishwa, mfano ERM-DB001 ya Ulaya au NIES namba 13 ya Japani, na itakuonyesha ilipata ngapi? Je, itaripoti zebaki bila kukulazimisha kununua jedwali zima? Maabara nzuri hujibu yote matatu bila kusitasita.

Na kama ripoti iko mkononi tayari, yenye risasi, aseniki au zebaki kwenye eneo jekundu, usianze chochote kwa siku hiyo zaidi ya kuepuka chanzo unachokishuku. Risasi, agiza damu nzima ya mshipani. Aseniki, mkojo baada ya siku zile bila samaki. Zebaki, mkojo kwa mchimbaji na mtumiaji wa mkorogo, damu nzima kwa mla samaki. Tanzania, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hufanya uchunguzi wa sumu, na daktari anaweza kuwaandikia. Peleka ripoti ya nywele pamoja na orodha ya dawa za nywele, shampuu na krimu ulizotumia miezi 6 iliyopita, na majina yake yakiwa yamenakiliwa kutoka kwenye makopo yenyewe.